Maneno Ishirini na Kadi ya Kliniki

Kazi yangu ya kwanza nikirudi kutoka shuleni ni kuokota pini sakafuni. Shangazi yangu ni fundi cherehani na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake, kwa hiyo ukitembea pekupeku humo utajuta mwenyewe. Jumanne ile niliziokota huku nakariri maneno ya Kiingereza kwa sauti kubwa, ili naye asikie kwamba nyumba hii ina msomi.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametupa kazi ngumu. Kila mmoja atafute maneno marefu ishirini, yasiyopungua herufi kumi, yote yawe na herufi V ndani yake na yaishie kwa herufi T, I, O, N. Tena tujue maana ya kila moja. Jumatano angetuuliza, kisha achague watatu wa kuiwakilisha shule kwenye mashindano. Mimi sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote. Hata kwaya walinikataa. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote.

Kikwazo kilikuwa kamusi. Darasa zima tulikuwa na moja tu, nayo ilitoka kabatini wakati wa mapumziko peke yake. Basi mimi na jirani yangu wa dawati, tuliyemwita Kasi kwa sababu hana kazi anayoifanya polepole, tukagawana. Mimi niliandika maneno kwenye karatasi yangu, yeye akaandika maana kwenye yake, kwa namba, moja mpaka ishirini. Halafu kila mmoja akanakili karatasi ya mwenzake. Tulijiona wajanja kweli.

Nilipofika kwenye neno "vaccination" nikasema kwa madaha kwamba maana yake ni mimea inayoota mahali fulani. Shangazi akasimamisha cherehani. Akatoa pini mdomoni, akasema neno hilo analifahamu, manesi walikuwa wakilitamka kliniki kila mara, na halina uhusiano wowote na majani.

"Shangazi, wewe hujui Kiingereza," nikamjibu. "Niachie mwenyewe."

Alinitazama kidogo, akarudisha pini mdomoni na kuendelea kushona.

Jumatano nilisimama mbele ya darasa kifua mbele. Mwalimu akauliza "cultivation", nikasema kilimo. Akatikisa kichwa kukubali. Akauliza "invitation", nikasema kutazama jambo kwa makini. Akanyanyua macho. "Vaccination"? Mimea inayoota mahali fulani. "Vegetation"? Kupitisha hewa safi chumbani. Darasa likaangua kicheko, na mmoja nyuma akauliza kama mkono wake utachipua majani, kwa kuwa jana yake alichanjwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu hakucheka. Aliomba karatasi yangu, akaipitia kwa kidole.

"Maana zako zote zimo kwenye kamusi," akasema, "ila kuanzia neno la nne kila moja imehamia kwa jirani. Mwenzako aliruka maana moja, hata neno la ishirini limebaki tupu, na wewe ukazipokea hivyohivyo. Hukujiuliza hata mara moja?"

Alichagua wawili tu siku hiyo. Nafasi ya tatu aliiacha hadi Ijumaa, kwa yeyote atakayerudia kazi kwa mkono wake mwenyewe. Kasi akaninong'oneza kwamba si yeye, ni kengele iliyomharakisha. Nilimkasirikia njia nzima, nikapiga teke kila jiwe nililolikuta, na nilipofika nyumbani hata pini sikuziokota.

Nilimsimulia Shangazi yote, nikimlaumu Kasi, kengele na kamusi. Yeye akaniwekea shati mikononi, akaniambia nilifunge vifungo haraka. Nikafunga kwa hasira. Nilipofika juu kikabaki kifungo kimoja bila tundu.

"Kimekosea kipi?" akauliza.

"Cha chini kabisa."

"Na ulivyokuwa unaendelea kufunga, hukuona shati limekwenda upande?"

Niliona. Nilikuwa nimeona hata jana, pale aliponisahihisha, lakini nikaona haya kusahihishwa na mtu wa cherehani. Nikamwomba Shangazi anisamehe.

Akafungua kisanduku cha nyuzi, akatoa chini kabisa kadi yangu ya kliniki, imekunjamana na ina doa la mafuta ya cherehani. Akaweka kidole juu ya neno lenyewe. Kando yake ziliandikwa tarehe sita tofauti.

"Kiingereza sijui, mwanangu. Lakini siku hizi zote sita mimi ndiye niliyekubeba foleni nzima, na ulipochomwa sindano ulinililia mimi begani. Neno la hivyo nitalisahau vipi?"

Alhamisi wakati wa mapumziko nilishika kamusi mwenyewe. Kila neno nililiandika pamoja na maana yake kabla ya kugusa lingine. Kengele ililia nikiwa na tisa tu, roho ikaniuma, lakini sikumwomba mtu anijazie. Niliyamaliza Ijumaa asubuhi, kabla ya watu kufika, baada ya kumbembeleza mwalimu afungue kabati mapema. Kasi naye nilimkuta mlangoni. Safari hii kila mtu alikuwa na karatasi yake.

Mwalimu alituuliza yote ishirini. Kasi alikosa mawili, mimi sikukosa hata moja. Kabla ya kuandika jina langu akauliza "vaccination" nimelikumbuka vipi. Nikamwambia nimefundishwa na shangazi yangu, fundi cherehani, ambaye Jumanne nilimjibu kwamba hajui Kiingereza.

"Basi mwambie ahsante," akasema mwalimu, "na nyinyi wote mlisikie hili. Anayekusahihisha usimwulize amesoma wapi. Kwanza rudi ukaangalie kazi yako."

Jioni niliokota pini zote, mpaka zile za chini ya meza. Kisha nikamwomba Shangazi anisikilize maneno yangu, yote ishirini, na popote atakapoona halikai sawa anisimamishe.