Mshenga Aliyemwagiwa Maji

— Mwageni, — Esnath akasema, jicho kwenye simu aliyokuwa akirekodia.

Juu ya ukuta watoto wakainamisha ndoo. Maji ya kuoshea mchele yakamshukia mzee wa koti jeusi aliyekuwa akiingia getini. Akakanyaga ganda la ndizi, akatua chini kama gunia la viazi.

Watoto wakavunjika mbavu. Esnath akaganda. Huyu hakuwa Shedrack, mwigizaji wa filamu yao ya watoto watundu. Huyu alikuwa Mzee Kalinga, mshenga kutoka Iringa, aliyeleta barua ya posa ya Vitus, mpenzi wake Esnath. Aliahidi kufika saa kumi, kafika saa sita.

— Shikamoo, baba. Utusamehe, tulidhani ni mwigizaji wetu.

— Marahaba. Kwetu mgeni hupewa maji ya kunawa. Ninyi Mbeya mnamwogesha kabisa.

Mzee Fanueli, baba yake Esnath, akaja na taulo. Bahasha ilikuwa chapachapa, ikabidi ifunguliwe palepale kabla wino haujachuruzika. Akaisoma kwa sauti:

"...na kwa kuwa binti ameahidi kuacha mambo ya filamu za watoto..."

— Nani kaahidi? — Esnath akauliza.

— Vitus katuambia, — Kalinga akajibu. — Ukoo mzima unajua.

Esnath hakuwa mtu wa kusahau. Kwenye ubatizo Iringa, Vitus alimtambulisha kama fundi cherehani; Esnath akavumilia. Filamu yake ya kwanza ilipojaza ukumbi wa Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, Vitus alisingizia mafua asije; akavumilia tena. Leo Esnath akampigia simu, akaweka spika.

— Vitus, niliahidi lini kuacha filamu?

— Mpenzi, tulia. Mke wa mtu kweli ashinde anamwagia watu maji?

— Nimeuliza lini.

— Nilisema tu ili wazee wakubali. Ukishaolewa ungeacha mwenyewe.

— Mshenga wako anakusikia.

Kalinga akaisogelea simu.

— Kijana, umenibebesha uongo kutoka Iringa mpaka huku. Maji haya yalikuwa yako.

Simu ikakatwa. Baada ya muda ikaingia meseji: "Esna, chagua. Mimi au hao watoto."

Akajibu: "Ulishanichagulia bila kuniuliza. Sasa najichagulia. Nabaki na kazi yangu."

— Jibu ni lako, mwanangu, — Fanueli akasema.

— Barua irudi, baba.

Kalinga akaikunja, akaitia mfukoni bila kinyongo.

— Huyo Shedrack wenu anaanguka vizuri kama mimi?

— Hakufikii, baba. Tunaomba kipande chako tukitumie.

— Tumieni. Na mkiileta filamu Iringa, mniwekee kiti cha mbele.