Kinyozi wa Jumamosi

Soko lilikuwa limefurika. Kinyozi mmoja alirudi kinyumenyume, kioo kipya kimemziba kifua, akipaza sauti, "Nipisheni jamani!" Papo hapo akamgonga dada aliyevaa gauni la manjano lililomkaa vyema kiunoni. Papai alilobeba likaanguka, likapasuka miguuni pao.

"Kaka, hayo macho ni ya mapambo?"

"Yalikuwa ya mapambo. Sasa hivi ndiyo yameanza kazi."

Dada alijikaza asicheke, akashindwa. Yeye alikuwa fundi cherehani, na papai lile lilikuwa la wagonjwa. Kila Jumamosi alijitolea kwenye nyumba ya tiba shufaa, wanakotunzwa wasiotarajiwa kupona, wapunguziwe maumivu na wasife wakiwa wapweke. Aliyasema hayo upesi, akimchunguza usoni. Mchumba wake wa zamani alimwacha akidai anarudi na harufu ya mauti. Tangu hapo alilitanguliza jambo hilo, mwenye kukimbia akimbie mapema.

Kinyozi alifikiri kidogo. "Na nani anawanyoa?"

Jumamosi iliyofuata alifika na beseni, mashine na koti lililopigwa pasi. Wodi ilikuwa nyeupe, mapazia yakipepea, redio ikisema chinichini. Kwenye kitanda cha dirishani alilala dereva mstaafu wa malori, mwembamba kama uzi, wote wakimwita Babu Gia.

"Ukinikata, kijana, nikifa nitakuja kukutembelea."

"Karibu, Babu. Uje na wateja."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Fundi akamwinua, akampapasa mgongo, na kinyozi akasahau alichokuwa akifanya.

Zikaanza simu. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, ila sijashiba sauti yako." "Mwongo wewe!" Kila Jumamosi walifanya kazi bega kwa bega, na mioyo yao ikazoeana.

Alasiri moja kinyozi alipita dukani kwa fundi bila taarifa. Nyuma ya pazia akamsikia akiongea na simu: "Usinune basi, mume wangu. Nitakuja. Nani mwingine nitampenda kama wewe?"

Aligeuka, akaondoka kimya. Simu zake hakupokea tena, na Jumamosi hakuonekana.

Kumbe ni walewale, fundi aliwaza. Akameza machozi, akamnyoa Babu Gia mwenyewe. Mzee alijipapasa kidevu.

"Mke wangu, hapa umelima au umenyoa? Hebu nipe simu yangu, na namba ya huyo kinyozi."

Kinyozi alipoona namba ngeni, akapokea.

"Kijana, njoo umalizie kidevu. Mke wangu ameniharibu."

"Mke wako nani, Babu?"

"Si huyu fundi wako! Mjukuu wangu wa kujipatia. Nikinuna tu hunipigia, akanibembeleza kwa jina la mume. Wivu unakuuma? Njoo tugombane."

Kinyozi alifika akihema, nywele za mteja zimemjaa kwenye koti. Walikutana kwenye korido, fundi akiwa na taulo mkononi.

"Nilidhani una mume," alisema kinyozi.

"Na mimi nilidhani umeogopa mauti."

"Mauti nayaogopa. Ila siku ile nilimkimbia mumeo."

Fundi alimpiga na lile taulo, kisha akaegemea kifua chake, akicheka huku akilia. "Siku nyingine uliza, mpenzi. Ungeniua bure."

Haikupita miezi mingi, Babu Gia akaanza kufifia. Asubuhi moja yenye jua, mkono mmoja umeshikwa na fundi, mwingine na kinyozi, alivuta pumzi ndefu, akatulia. Kinyozi aliomba ruhusa kwa muuguzi, akamnyoa mara ya mwisho, polepole, kana kwamba ngozi bado ingeuma. Halafu akatoka nje, akakaa kwenye benchi, akalia bila kujificha.

Fundi akamletea chai, akaketi karibu naye.

"Nikizeeka," alisema kinyozi, "nataka uwe wewe wa kunigeuzia mto."

"Na nikitangulia kuugua mimi?"

"Nitaugeuza mimi. Nioe, basi. Yaani, nikuoe. Lolote litakalokuwa rahisi."

Fundi alimfuta shavu kwa ncha ya kitenge chake. "Nimekubali. Twende tukamwambie mama yangu. Ila si leo, umevimba macho, atadhani nimekupiga."

"Kesho?"

"Kesho."

Muuguzi akachungulia mlangoni: kuna mgonjwa mpya anashushwa garini, ana hofu, hataki kuachwa. Wakanywa chai iliyobaki kwa kupokezana, wakainuka, wakaingia ndani pamoja.