Dawati la Chiriku

Kila alasiri, akishavua sare, binti alimsaidia baba yake seremala. Safari hii walikuwa wakitengeneza madawati ya shule yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya wadudu kwa gundi na unga wa mbao, kisha baba apake vanishi.

"Baba, mbao hizi zimeoza."

"Vanishi itasitiri. Mwalimu mkuu ni rafiki yangu, ameshatia saini kwamba ameyapokea. Na wewe funga mdomo, la sivyo nitakufunga mimi."

Madawati yakafika shuleni yakimeremeta. Hakuna aliyeyakagua. Rafiki wa binti, msichana aliyeitwa Chiriku kwa kupenda kuzungumza, alikalia la mbele akacheka, "Leo mimi bosi!"

Wiki ya pili dawati hilo lilivunjika. Wenzake wawili alioketi nao walimwangukia, na mkono wake wa kulia ukabanwa chini ya mbao. Alipiga yowe moja tu, akazimia. Hospitalini walimkata vidole viwili.

"Watoto watundu hawa, walikuwa wanarukaruka juu yake," mwalimu mkuu aliwaambia wazazi mkutanoni. Akamgeukia mama yake Chiriku. "Mama, utaleta dawati jingine."

Binti, aliyekuja mkutanoni na baba yake, akasimama. "Si kweli! Mbao zilikuwa zimeoza. Mimi ndiye niliyeziba matundu."

Baba yake akamzaba kofi mbele ya watu wote. Damu ikamtoka puani, lakini hakuketi. Mzazi mmoja alichokoa dawati jingine kwa bisibisi. Likamwaga unga kama gunia lililotoboka.

Mwalimu mkuu alifukuzwa kazi, seremala akapelekwa mahakamani. Tangu hapo shule hubandika ukutani orodha ya kila inachotaka kununua. Mafundi huleta sampuli, wazazi na walimu huzijaribu hadharani, na hakuna anayetia saini kabla ya kukagua.

Darasani hakuna aliyetaka kuketi na binti. Jumamosi moja akaenda kwa kina Chiriku. Rafiki yake alikuwa akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Hakuinua uso. Mama yake Chiriku, fundi cherehani, hakusimamisha mashine.

"Mama, nisamehe."

"Ulisema, na watoto wengine wamepona. Lakini ulijua tangu mwanzo. Ukweli wako umechelewa kwa vidole viwili, mwanangu. Kinachonunuliwa kwa siri huumiza hadharani. Ukiona uozo, sema siku hiyohiyo."

Akakata uzi kwa meno.

"Sasa keti hapo, umshikie mwenzako daftari lisiteleze."