Majibu Aliyoyapenda Seremala

Ndugu zangu, nyumba ya seremala ilikuwa na amani. Jioni humkuta akipiga msasa kitanda cha mteja, na mkewe, mpishi wa shule ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mama Mwiko, hurudi akivua viatu mlangoni na kumtania: "Vitanda vya watu vinang'aa, chetu kinalia kama mbuzi!" Hapo hucheka wote.

Siku moja soksi ya mkewe ya kushoto ilitoka na damu. Kisigino kilikuwa na kidonda, na Mama Mwiko hakujua kimetoka wapi. Siku zikapita bila kupona.

Seremala akashika simu. Hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka mzima, tangu mgongo uanze kumsumbua, alikuwa akisoma habari za majani yanayoponya kila kitu na watu waliokimbia visu vya madaktari. Kumbe na simu ilikuwa ikimsoma yeye. Kila alichogusa ilikiweka akilini, mwezi baada ya mwezi, hadi ikajua apendacho. Basi alipoandika "kidonda kisichopona", ikamletea majani, mafuta, na bwana mmoja aliyeapa kwamba kazi ya hospitali ni kukata. Siku hiyo hiyo akaanza kumpaka mkewe majani na mafuta hayo.

Mdogo wa Mama Mwiko, ambaye ni muuguzi, alipokuja kuwajulia hali akakunja uso.

"Shemeji, mpeleke akapimwe sukari. Leo hii."

"Nimetafuta mwenyewe. Kurasa kumi, zote neno moja. Wote hao ni waongo?"

"Lakini mguu umekufa ganzi, mume wangu," mkewe akasema.

"Ndiyo dawa inaingia hiyo."

Alimpenda mkewe, tusimsingizie. Kidonda kile alikiosha kwa mikono yake mwenyewe, wiki tatu, huku kikizidi kuoza.

Wiki ya nne homa ikamwangusha Mama Mwiko jikoni shuleni. Hospitalini daktari hakuzunguka: sukari imepanda mno, mguu utakatwa chini ya goti. "Mngewahi, tungeuokoa."

Nje ya wodi, muuguzi aliandika maneno yale yale kwenye simu yake. Jibu la kwanza: pima sukari, wahi hospitali. Seremala akazishika simu zote mbili, akazilinganisha.

"Mbona yangu haikuniambia?"

"Yako imekuzoea, shemeji. Inakupa unachopenda kusoma."

Baada ya upasuaji seremala alipiga magoti kando ya kitanda cha mkewe, akaungama yote. Mkewe alisikiliza akitazama pale shuka lilipolala bapa.

"Simu ilikujibu wewe," akasema taratibu. "Mimi mwenye mguu hukunisikiliza."

 

FUNZO

Ndugu msomaji, simu inayokujua sana inaweza kukuficha mengi. Kurasa kumi zinazokubaliana nawe si mashahidi kumi. Huenda ni sauti yako mwenyewe inayokurudia. Ukitafuta jambo la uhai, muulize na asiyependa unachopenda, umwone mtaalamu mapema, na kwanza kabisa msikilize mgonjwa aliye mbele yako. Majuto ni mjukuu, na mguu uliokatwa hauoti tena.