Gitaa la Shemeji

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Fundi redio, jirani yetu, alikunywa chai yake amesimama, akatoa meza ndogo hadi uani, akapanga juu yake bisibisi, vipande vya msasa, kopo la puti na makopo mawili ya rangi ya kupuliza. Katikati akalilaza gitaa la umeme la marehemu shemeji yake.

Lilikuwa gitaa la bei ya chini, la mbao za kubandikwa, jeusi, limebanduka rangi pembeni kama kisigino kikavu. Mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyuzi, alilipenda kuliko viatu vyake. Sasa alikuwa anakaribia kutimiza mwaka kaburini, na dada yake, yaani mke wa fundi, alitaka lipakwe bluu na kutundikwa sebuleni siku ya kumbukumbu.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye karibu," alimwambia mumewe. "Lifanye kwa mikono yako."

Fundi akaitikia. Angekataaje? Hakuna aliyejua mikono hiyo ilikuwa imefanya nini.

Nyuzi alifia jukwaani, kwenye harusi ya watu. Kwa mkono mmoja alishika nyuzi za gitaa, kwa wa pili akauvuta mlingoti wa maikrofoni, akaganda hapohapo. Spika zikanguruma. Wageni walidhani ni mbwembwe zake. Wakapiga makofi.

Asubuhi ya siku hiyo fundi ndiye aliyeshughulikia plagi ya amplifaya. Plagi ilikuwa na miguu mitatu, soketi ya ukumbini ilikuwa na matundu mawili. Akaukata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, akafunga plagi ya miguu miwili, akajisemea kwamba kwa shughuli moja tu haina neno. Na baadaye, watu walipokuwa wanamlilia Nyuzi, aliinama nyuma ya spika akarudisha plagi ya miguu mitatu, ili isijulikane.

Lawama zikamwangukia Shangazi, dada wa baba yake Nyuzi. Siku moja kabla ya harusi alikuwa amegombana na Nyuzi kwa sababu ya kelele, akamfokea mbele ya watu, "Utakufa na hilo dude mkononi!" Ikawa hivyo. Basi akawa mchawi. Walimvunjia vioo vya madirisha, wakamtoa kwenye nyumba aliyozaliwa, akaenda kupanga chumba kimoja nyuma ya soko, ambako hakuna aliyempa mkono. Siku anaondoka, fundi ndiye aliyembebea begi hadi barabarani. Alimtakia safari njema.

Basi, Jumamosi hiyo akaanza kazi. Akakata nyuzi, akafungua shingo, akang'oa vitufe vya sauti, sumaku na waya zote. Hakikubaki chochote ila kiwiliwili cha mbao. Akakisugua mpaka vumbi jeusi likamjaa puani, akaziba mashimo kwa puti, akapuliza rangi, akakitundika juani kwa kamba ya katani.

Saa saba mchana rangi ilikuwa imekauka. Bluu safi, ya kupendeza. Isipokuwa ukingoni, chini. Hapo palikuwa na alama nne zilizodidimia, na ya tano upande wa nyuma. Kama mtu amelishika kwa nguvu.

"Nani kaligusa hili?" akauliza.

"Nani aliguse? Mimi nafua tangu asubuhi," mkewe akajibu. "Utakuwa wewe mwenyewe na haraka zako."

Akavipachika vidole vyake kwenye zile alama. Vyake vilikuwa vifupi na vinene. Alama zilikuwa ndefu. Nyembamba.

Akasugua upya, akapuliza upya. Jumapili mchana zimerudi. Akarudia. Jumatatu zimerudi tena, na safari hii zimezama hadi kwenye mbao.

Aliinama kuzitazama. Ndipo akaisikia.

Mmmmmm.

Ngurumo ya chini, ya mfululizo. Alitazama dirisha la jirani akidhani ni redio. Redio ilikuwa kimya. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umekatika tangu saa mbili. Na sauti ile fundi aliijua. Ni sauti ya amplifaya isiyo na ethi.

Ilikuwa inatoka kwenye mbao.

Akanyoosha kidole. Mkono ukaruka hadi begani, meno yakagongana. Akachukua tesa yake, ile bisibisi yenye kitaa mpinini kinachowaka kikikuta umeme. Akaigusisha kwenye kile kiwiliwili. Hakina waya. Hakina sumaku. Kinaning'inia kwenye katani.

Kitaa kikawaka.

Aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, sabuni inamdondoka viganjani.

"Ni Shangazi," mkewe akanong'ona. "Hajaridhika."

Hapo ndipo angesema. Maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi.

"Labda," akasema.

Neno moja tu. Mkewe akavaa viatu, akatoka mbio kwenda kwa kaka zake wawili. Fundi akabaki na ile ngurumo, na ikawa inapanda. Akaingia ndani akafunga mlango, akaisikia. Akaziba masikio, akaisikia vizuri zaidi.

Haikupita nusu saa, simu ikaita.

"Wamebeba dumu la petroli," mkewe alikuwa analia. "Wanakwenda kwake. Nimewaambia wamtishe tu, hawanisikii. Njoo!"

Fundi alikimbia kwa ndala. Moja ikakatikia njiani, akaiacha. Alipofika nyuma ya soko, kaka mkubwa alikuwa amekwisha fungua kifuniko, na kizingiti kimelowa. Ndani, Shangazi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuinuka. Hakupiga kelele. Alionekana kama mtu aliyekuwa anawasubiri.

"Ni mimi," fundi akasema.

Hakuna aliyegeuka.

"Jamani, ni mimi! Waya nilikata mimi. Nyie mnalia, mimi nabadilisha plagi."

Kaka mkubwa aliliweka dumu chini taratibu, kana kwamba ni yai. Mdogo akaketi palepale kwenye udongo. Mkewe alimtazama tu. Fundi alisubiri wampige. Alitamani wampige. Hakuna aliyemgusa.

Shangazi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, iliyokwaruza.

"Mwaka mzima nimeuogopa ulimi wangu. Nikawa siongei hata peke yangu, nisije nikaua mwingine." Akajifuta uso. "Niliamini, mwanangu. Niliamini nimemuua mtoto wetu."

Siku hiyohiyo fundi alijipeleka polisi. Kesi ilikwenda, ikaisha, akapewa kifungo cha nje. Kaka wawili walimrudisha Shangazi nyumbani, wakamwekea vioo vipya kwa mikono yao. Mkewe alihama, akarudi baada ya miezi miwili. Anampakulia chakula, anampigia pasi mashati. Kumtazama usoni, bado.

Na gitaa? Jioni ile alipotoka polisi kwa dhamana alilikuta kimya. Tesa haikuwaka. Rangi ikashika laini, vanishi ikakaa, akafunga shingo na nyuzi mpya, akampelekea Shangazi. Fundi hajaligusa tena. Kupiga gitaa hajui, hajawahi kujua hata kulitekenya.

Lakini mwezi uliopita alikwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi. Muuguzi alipokuwa anampima mapigo ya moyo, aliugeuza mkono wake wa kushoto, akatabasamu.

"Una miaka mingapi unapiga gitaa?"

Fundi akautazama mkono wake. Ncha za vidole vinne zilikuwa zimeota sugu, ngumu, na kila sugu ina mfereji mwembamba katikati, kama ulioachwa na uzi.

Alizikata kwa wembe. Siku ya tatu zikarudi. Anazikata mpaka leo. Na kila zikirudi, mifereji yake huwa mibichi, myekundu, kama ya mtu aliyeachia nyuzi sasa hivi.