Weupe Kando ya Pua

Mumbua alikuwa akifagia nywele katika saluni ya mama yake, Kamene, mtaani Mumbuni, mwanamke asiyemjua alipoingia na mkoba mweupe.

"Dada, makunyanzi haya ni ya nini?" alimuuliza Kamene. "Niko na sindano za kujaza ngozi. Dakika kumi tu, utarudi msichana."

"Wewe ni daktari?" Mumbua aliuliza.

"Huyu mtoto naye ni polisi?"

Kamene alicheka. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi shuleni, na alikuwa amemwahidi Mumbua kupanda naye jukwaani kupokea tuzo ya insha. Alitaka kupendeza. Akakaa, akadungwa mashavuni, na mgeni akaenda zake.

Muda mfupi baadaye ngozi kando ya pua ikawa nyeupe.

"Ona, dawa inang'arisha!" Kamene alisema mbele ya kioo, lakini meno ameyauma kwa maumivu. "Usimwambie nyanya yako. Atanisema mpaka Krismasi."

Mumbua aligusa pale peupe. Palikuwa baridi. "Mwaitu," alimwita mama kwa Kikamba, "huku si kung'aa. Twende hospitali."

"Nichekwe na mji mzima? Nyamaza!"

Mumbua hakunyamaza. Alikimbia nyumba ya pili kumwita nyanya, Ndila, aliyekuja na kanga begani.

"Kamene, uso niliokuzaa nao ulikukosea nini? Simama, twende!"

Hospitalini, Daktari Maundu alimdunga Kamene dawa ya kuyeyusha ile aliyowekewa.

"Ilikuwa imeziba mshipa wa damu," alisema. "Mngengoja hadi kesho, ngozi ingeoza. Wengine hupoteza hata jicho. Kazi hii ni ya daktari aliyesomea, si ya mtu wa kupitapita na mkoba. Na wewe, Mumbua, umefanya vyema. Siri inayomuumiza mtu haifichwi."

Kamene aliinamisha kichwa.

Ijumaa uso wake ulikuwa bado umevimba, na kando ya pua pana kigaga cheusi.

"Baki tu nyumbani, Mwaitu," Mumbua alimwambia. "Sitakasirika."

Jina lake liliposomwa, alipanda jukwaani peke yake. Mara minong'ono ikazagaa: "Huyo amepigwa?" "Ni nyuki!" Mumbua aligeuka. Mama yake alikuwa akipita katikati ya wazazi wote, polepole, bila kujifunika. Alipanda, akamshika mkono.

"Nilisema nitakuja," alisema.