Jibini ya Kitunga

Siku ya soko pale Masisi huwezi kutua mguu bila kukanyaga kitu cha mtu: maharage yaliyotandazwa juu ya mkeka, mihogo, kuku waliofungwa miguu. Miaka ile ya hamsini, malori ya mashamba yalipita katikati ya soko yakipiga honi kana kwamba hata milima iyapishe. Juu ya lori mojawapo alisimama Edmond, mwana wa Athanase wa Buleusa, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo yake ingeweza kukata kidole.

Alikuwa na kazi ya kujivunia. Kila mwezi mara moja wazungu wa Goma walikuja kutembezwa siku nzima: asubuhi walionja jibini ya Kingi, kwenye baridi na ng'ombe; kisha walishuka hadi Walikale kuonja chokoleti ya Buleusa, kwenye joto na kakao. Edmond ndiye aliyewaongoza na kuwaeleza kila kitu kwa Kifaransa cha shule ya misheni, kichwa juu, bila kutetemeka.

Kutoka huko juu ya lori ndipo alipomwona msichana akipasua umati, kikapu kikubwa cha jibini kichwani, mikono yake miwili ikining'inia mitupu kana kwamba amejitwika unyoya. Alivaa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, na shingo yake ilinyooka kama ya mtu ambaye hajawahi kuomba radhi. Edmond hakuweza kujizuia. Aliimba, na soko zima likasikia:

Mwenye jibini kichwani, nipunguzie kidogo,
Njaa yangu si tumboni, ni moyo wenye mzigo.

Wauza maharage walicheka. Msichana alisimama chini ya lori, akamwangalia kuanzia viatu hadi kola.

"Kaka, moyo yako iko na muzigo?"

"Muzito sana, dada."

"Basi shusha ule, ubebe huu."

Akamwinulia kikapu. Edmond ilimbidi alale kifudifudi juu ya mbao za lori ili akipokee, na alipoinuka shati lake jeupe lilikuwa na mstari wa grisi kutoka kifuani hadi kitovuni. Hakorimana, dereva, mzee wa mizaha mingi, alicheka mpaka akasahau kuwasha gari.

Hivyo ndivyo Edmond alivyomjua Drocella, binti Karangwa wa Kingi. Kazi yake ilikuwa kuosha jibini kwa maji ya chumvi na kuzigeuza juu ya rafu ili zisiote ukungu upande mmoja. Siku hiyo Madame, mke wa mwenye shamba, alikuwa ameamua kwamba msichana huyo atashuka na wageni hadi Buleusa, awe anawakatia jibini pembeni mwa chokoleti.

Miezi iliyotangulia, ndani ya chumba baridi cha jibini, Drocella alikuwa akisikiliza nyuma ya rafu, bila Edmond kumwona, jinsi kijana huyo alivyowafundisha wageni. Kabla hamjaonja, aliwaambia, angalieni ngozi ya jibini. Ngozi ndiyo inayosema imetoka wapi, imefinyangwa ndani ya nini, na mkono gani umeihudumia. Wageni waliinamisha vichwa wakaangalia. Drocella naye aliangalia, lakini hakuwa anaangalia jibini.

Siku hiyo ya soko, kule Buleusa, joto lilimpokea Drocella kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Mbegu za kakao zilikuwa zinachacha ndani ya masanduku, chini ya majani ya migomba, zikinuka kama pombe ya ndizi. Mpishi wa shamba alizikaanga, akazisaga kwa sukari juu ya jiwe lililopashwa moto. Edmond alichota kipande cha kwanza, kabla mgeni yeyote hajaguswa na harufu yake, akampa Drocella kwa ncha ya kisu.

Alifumba macho. "Kwanza iko chungu," alisema, "kisha iko tamu. Iko sawa na weye."

"Mimi niko chungu fasi gani?"

"Kinywa."

Tangu siku ile penzi likashika. Kati ya safari moja na nyingine walikuwa mbali, yeye bondeni, Drocella mlimani, na maneno yao yalipanda na kushuka kwa mdomo wa Hakorimana, ambaye hakujua kunong'ona. Alisimamisha lori mbele ya chumba cha jibini, akatoa kichwa dirishani, akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba Edmond anasema mvua inanyesha Buleusa na yeye peke yake ndiye anayelowa. Drocella alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye ndoo yake: amwambie afunge mlango. Jibu hilo lilishuka milima yote, likafika kwa Edmond likiwa bado na joto, na Edmond akalala nalo.

Ilikuwa Nyabiondo, pale lori liliposimama ili injini ipoe, ndipo Edmond alipouliza lililokuwa moyoni. Walikaa juu ya jiwe, mashamba ya maharage yakiteremka mbele yao.

"Nikituma Papa yangu kwa Papa yako, atakuta mulango iko wazi?"

Drocella aling'oa unyasi pembeni ya jiwe, akauzungusha kidoleni. Kisha akasema kitu ambacho Edmond hakukielewa. "Niko nasuka kitunga. Kadogo, kama hivi." Alionyesha kwa viganja viwili. "Siku kitaisha, utajua."

Kwao Edmond, msichana akiulizwa hujibu kwa mdomo, au shangazi yake humjibia. Kikapu kidogo ni jibu gani? Alirudi nyumbani na swali lake kama mtu aliyekwenda kisimani akarudi na mtungi mkavu. Alimpenda msichana yule kuliko pumzi, lakini hakuzoea kusubirishwa, na kiburi chake kilianza kumnong'oneza kwamba labda binti wa watu wenye ng'ombe anamwonea haya mwana wa watu wa mihogo.

Na Edmond alikuwa na kidonda kingine, cha zamani. Athanase, baba yake, alikuwa ameosha sufuria jikoni kwa mwenye shamba miaka mingi. Jioni alirudi na mabaki ya mezani yaliyofungwa ndani ya jani, na Edmond mdogo aliyakimbilia kwa furaha, mpaka siku alipotafuna wali akakuta ndani yake kipisi cha sigara kilichozimwa. Alikitema, akaapa. Hatakula tena kilichobaki kwenye sahani ya mzungu, hata njaa ikimlaza.

Safari iliyofuata ilifika Buleusa siku ya sikukuu ya parokia. Nusu ya kijiji ilikuja kutazama wageni wakila kivulini: Athanase na mkewe Victorine, mama wa Edmond, na vijana aliosoma nao. Edmond alikuwa amevaa suruali mpya. Mfukoni alikuwa na kipande cha chokoleti ndani ya karatasi, akingoja jibu lake ili amkabidhi Drocella.

Wageni waliposhiba, Madame alipunga mkono, kama kawaida yake, ili mabaki yagawiwe wafanyakazi. Drocella alichukua sahani. Ilikuwa na maganda ya jibini yaliyong'atwa, makombo ya mkate, na katikati yake kitu kidogo cha mviringo kilichofunikwa na jani la mgomba. Hakwenda kwa wabeba mizigo. Alikuja moja kwa moja kwa Edmond, kitenge chake cha ndege kikiwa kimefuliwa upya, akamnyooshea sahani mbele ya watu wote.

Damu ilimpanda Edmond kichwani. Mbele ya baba yake! Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kucheka.

"Mimi sikulake mabaki ya bazungu," alisema kwa sauti ya kufika mbali. "Pelekea imbwa ya Madame."

Kicheko kilipasuka. Drocella hakusogea.

"Umeangalia muzuri, Edmond?"

"Nimeangalia. Nimeona sahani."

Msichana aliliweka jani vizuri juu ya kile kitu, polepole, kama mtu anayefunika uso wa mtoto aliyelala. Akageuka. Njia nzima ya kurudi alikaa mbele, pembeni ya dereva, na Hakorimana baadaye alieleza kwamba hakulia. Afadhali angelia, alisema mzee, ningejua la kumwambia.

Edmond alituma neno. Lilirudi jibu moja: amesikia. Akatuma tena, na safari hii Hakorimana, bila kutangaza, alishuka garini akamjia karibu akamwambia kwamba hakuna jibu.

Mwezi ukageuka. Edmond alipoingiza wageni ndani ya chumba cha jibini, aliyekuwa ameshika ndoo ya maji ya chumvi alikuwa Verdiane, binamu ya Drocella. Edmond alieleza ngozi ya jibini kwa ulimi mzito, akawatoa wageni nje wakapige picha za ng'ombe, kisha akarudi ndani.

"Drocella iko wapi?"

Verdiane aliendelea kuosha fromaji, kama walivyoziita jibini zao. "Unamutafutia nini? Ulishamujibu."

"Yeye njo hakunijibu mimi."

Hapo ndipo Verdiane alipoweka kitambaa chini. Alimweleza kwa maneno makavu. Nyumbani kwa Karangwa binti hasemi ndiyo. Anampa mwanaume maziwa ya ng'ombe wa baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Akiyanywa, mambo yamekwisha, wazee hubaki kupanga siku tu. Akiyakataa, ameikataa nyumba nzima, na kwa nyumba ile hakuna anayekaribishwa mara mbili.

"Mimi sikuletewa maziwa, dada."

"Maziwa ingefika Buleusa na jua ile? Ingekatika njiani. Njo maana akaigeuza fromaji. Nyanya Mukasine alilia kuona maziwa ya nyumba inatiwa dawa ya kugandisha, yenye kutoka tumbo ya ndama. Drocella akamuambia, nyanya, lazima ifike."

"Sababu gani aliileta na sahani ya mabaki?"

"Mbele ya Madame angekuletea namna gani? Sisi haturuhusiwe kutoka hapa na fromaji nzima, angesema ameiba. Katikati ya mabaki njo fasi moja Madame haangaliake." Verdiane alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Si weye njo uliimba kwa soko, upunguziwe kidogo?"

Aliinama kwenye rafu ya chini kabisa, akatoa kitu kile ndani ya jani lililokauka. Edmond alilifunua. Jibini zote za Kingi zilikuwa laini, kwa kuwa zilifinyangwa ndani ya vyombo vya bati. Hii ilikuwa na mistari ya ususi wa kitunga kuzunguka ngozi yake yote, mshono kwa mshono, kazi ya vidole vya mtu mmoja. Ilikuwa na ukubwa wa viganja viwili.

Aliirudisha rafuni, akawaacha wageni na Hakorimana, akapanda kilima mbio hadi kwa Karangwa. Mzee alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba Evode wa Nyabiondo, kijana mwenye adabu, alikuja Jumapili iliyopita, akapewa maziwa, akanywa.

"Papa, mimi sikujua desturi yenu."

"Nakuamini, mutoto wangu. Lakini maziwa ikishaingia tumboni ya muntu, haikamuliwe tena."

Drocella aliruhusiwa kumsindikiza mgeni hadi kwenye uzio, nyanya Mukasine akiwatazama kutoka mlangoni. Alivaa kitenge kingine, cha kahawia, kisicho na ndege.

"Sikujua, Drocella."

"Nilijua haujue. Lakini nilisema, huyu ataangalia. Siku zote unaambia bazungu waangalie ngozi."

Edmond alishika mti wa uzio. Upepo ulipita juu ya mashamba.

"Evode, unamupenda?"

"Alikunywa yote. Hakuacha hata povu."

"Sikuuliza ile."

"Najua."

"Ungenipa tena, ningekunywa, hata mbele ya Buleusa nzima."

"Mukono iko moja, Edmond. Nilishaitoa kwako, ikarudi. Sasa nimeitoa kwa mwingine, na huyo hakunicheka." Akamtupia nyanya yake jicho, akashusha sauti. "Ile fromaji siwezi kukupa tena. Lakini ukiichukua mwenyewe kwa rafu, sitasema umeiba. Usiikule peke yako. Niliitengenezea nyumba yenu."

Aligusa mti wa uzio, pale mkono wa Edmond ulipokuwa umetoka kushika, akarudi ndani bila kugeuka.

Mchana ule, Buleusa, wageni walikula kivulini na Edmond aliwaeleza kakao bila kusikia sauti yake mwenyewe. Walipokwenda kupumzika, alipita nyuma ya masanduku hadi nyumbani. Aliweka juu ya meza jibini aliyoichukua rafuni, pembeni yake kipande cha chokoleti kilichoyeyuka na kuganda mara nyingi mfukoni hata kikawa cheupe. Victorine alileta kisu. Alikuwa ameshauona uso wa mwanawe. Alikata vipande vitatu, akampa mumewe kwanza.

Athanase, aliyekula maisha yake yote kilichoachwa na wengine, alikitafuna taratibu.

"Hii si ya mabaki," alisema.

"Hapana, Papa."

"Iko na chumvi ya muzuri. Imetoka wapi?"

Edmond, aliyewaeleza wageni wa kila mwezi kila jibini imetoka wapi, alipitisha kidole juu ya mistari ya ususi, mshono kwa mshono, mpaka kidole kikafika pale kisu kilipokata.

"Ilikuwa inakuja kwetu," alisema.